Neno Baada ya "Nzuri"

1

Nilinusa kabla sijaona. Mama Wende alikuwa katikati ya ukumbi wa mazoezi, akitembea mbele ya wageni sita wa Tume ya Vifaa vya Mwilini, na miguu yake ilifanya kila kitu tulichoifundisha. Kisigino kilitangulia, unyayo ukafuata, goti likanyooka. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake, mikono tayari kumdaka. Kila alipoinua mguu wa kushoto, harufu ilinifikia. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mwishoni ilikuwa na utamu kidogo. Utamu huo ndio ulionitia kichefuchefu.

Jina lake kamili ni Tumwimbike Sanga. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, muuza nyanya wa jumla. Miaka minne kabla ya siku hiyo alianguka kutoka juu ya shehena ya lori, akavunjika uti wa mgongo usawa wa mabega. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakutikisa hata kidole cha mguu. Kisha sisi, hapa Kituo cha Lusanje, tulimwekea daraja, na sasa alitembea mita arobaini bila kushikwa.

Alipofika mwisho wa zulia aligeuka, akawapungia wageni mkono kama bibi harusi. Mgeni mmoja alimuuliza anajisikiaje. Akajibu kwamba ni nzuri tu, baba, ila. Hapo mkurugenzi wetu, Daktari Sixbert Mhagama, akawakaribisha wageni chai, na wote wakatoka.

Nilimpeleka chumba cha uchunguzi. Sista Gaudensia Luhwago, nesi wa vidonda kwa miaka ishirini, alifunga mlango na kufungua dirisha kabla sijamwomba.

"Kuna mtu anaoza humu," alisema, "na si mimi."

"Kama si wewe, basi ni mimi," Mama Wende alijibu, akacheka.

Tulimlaza kifudifudi. Chini ya kalio la kushoto, pale ambapo mfupa wa kukalia hubeba uzito wa mwili, kulikuwa na duara jeusi kavu, dogo kama kizibo cha soda. Ngozi iliyolizunguka ilikuwa na rangi ya ini. Niliibonyeza kwa kidole, na lile duara likaelea. Gaudensia alilinyanyua kwa kibano. Chini yake hapakuwa na nyama. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo ute wa kijivu wenye michirizi ya kijani, ukaanza kutiririka kwenye shuka bila haraka. Gaudensia aliingiza kijiti cha kupimia. Kiliingia urefu wote wa kidole changu cha shahada, kisha kikagonga kitu kigumu. Kilichogongwa kilikuwa mfupa.

Wakati huo Mama Wende alikuwa akitueleza kuhusu viatu vya mgeni mmoja. Alisema viatu vile vilikuwa vidogo kwa yule mzee, na kwamba yeye, ambaye hahisi miguu yake, alimwonea huruma.

Nilikwenda kwenye sinki nikatapika. Niliwahi kuona vidonda vibaya zaidi katika mafunzo, lakini vile vilikuwa vya watu waliotelekezwa vijijini. Huyu alilala katika kituo chenye wahudumu arobaini. Kila asubuhi aliulizwa hali yake.

Niliporudi nilimuuliza ameanza lini kunusa harufu hiyo. Alisema ni wiki tatu sasa, tangu alipoikuta kwenye khanga. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aligeuza shingo akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nimesema kila siku," alisema. "Namwambia yule binti wenu wa asubuhi. Ananiamkia kwa adabu, ananiuliza, nami namwambia."

Binti wa asubuhi ni sauti iliyomo ndani ya kifungo kidogo kinachovaliwa nyuma ya sikio. Sauti yenyewe ni yangu.

2

Daraja ni utepe mwembamba kama ganda la kitunguu saumu. Hulazwa juu ya uti wa mgongo, ncha moja juu ya jeraha na nyingine chini yake. Ncha ya juu husikiliza amri zinazotoka kwenye ubongo, na ya chini huzipitisha kwenye miguu. Njia hiyo ni ya upande mmoja. Amri hushuka, lakini hisia hazipandi. Mgonjwa hutembea juu ya miguu asiyoihisi, na akikanyaga kaa la moto ataendelea na safari yake.

Mwili uliovunjika uti wa mgongo una njia yake ya kulalamika. Kibofu kikijaa, au kidonda kikichimbika mahali pasipo hisia, shinikizo la damu hupanda ghafla. Kichwa hugonga, uso hulowa jasho, na miguu hukakamaa. Ni hatari, na inaweza kuua, lakini ni king'ora. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kutembea katikati ya king'ora. Kwa hiyo wahandisi walilitengeneza daraja liwe linatuliza dhoruba hiyo kabla haijapanda. Tulizima king'ora, tukaweka swali mahali pake.

Swali la kwanza lilitoka kiwandani. Liliuliza: "Je, una dalili yoyote mpya?" Wagonjwa wetu walilichukia. Walisema ni kama kuhojiwa na polisi kabla hujanawa uso. Theluthi mbili hawakulijibu kabisa. Nikaombwa nilirekebishe, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma mazoezi tiba chuoni na pia nilikuwa na sauti iliyopendwa na wagonjwa. Niliandika maamkizi. Sauti yangu iliwaamkia watu wazima shikamoo, ikangoja marahaba, kisha ikauliza: "Umeamkaje? Habari za mwili?" Kwa vijana iliuliza: "Mambo? Mwili unasemaje?" Katika mwezi mmoja, wagonjwa tisini na wanane kati ya kila mia walikuwa wakijibu kila asubuhi. Nilipewa cheti. Nilikitundika ukutani mwa ofisi yangu, ndani ya fremu.

Wahandisi waliniuliza jibu huchukua muda gani, maana sikio la kifungo, yaani kinasa sauti chake, hula betri ileile inayoendesha daraja. Nilichukua saa nikawapima wahudumu kumi na wawili. Wote walijibu kwa neno moja. Niliwaandikia wahandisi orodha ya maneno kumi na manne yenye maana ya kutokuwa na dalili: nzuri, njema, salama, safi, poa, na mengine ya namna hiyo. Tukakubaliana kwamba sikio likisikia moja kati ya hayo, lifunge, lisisikilize zaidi.

Wahudumu wale kumi na wawili walikuwa wazima. Hawakuwa na la kuongeza.

Jioni ya siku ya wageni nilifungua kumbukumbu za Mama Wende. Siku ya sitini tangu awekewe daraja: nzuri. Siku ya sitini na moja: nzuri. Siku ya themanini na tatu, ambayo shuka lake lilikuwa na ute wa kijani: nzuri. Kando ya kila neno palikuwa na alama ya kijani. Nilikumbuka jinsi nilivyozipenda alama hizo.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilikaa kando ya kitanda chake nikasikiliza. Sauti yangu ikamwamkia. Akaitikia marahaba. Sauti ikamuuliza habari za mwili.

"Nzuri, mwanangu," alisema, na taa ya kifungo ikazimika hapohapo. Yeye hakuiona, kwa kuwa ipo nyuma ya sikio. Akaendelea. "Ila ile harufu imezidi. Na juzi nilitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana. Nakuomba umwambie dada Auleria aje anitazame, maana naona anapita tu mlangoni ana haraka, sipendi kumsumbua. Haya, asante mwanangu. Siku njema."

Alikuwa amelala kifudifudi, uso ukielekea ukutani. Hakujua kama nimeingia. Dada Auleria ni mimi, na sikuweza kumwambia kwamba nimesikia.

Nani asiyejua kwamba hivyo ndivyo tunavyosema? Hata aliyefiwa usiku ataulizwa habari naye atajibu nzuri, kisha ataeleza msiba. "Nzuri" ni kizingiti tu, jambo lenyewe huja baada ya hapo. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Nililisahau nilipopewa saa ya kupimia.

3

Tulikuwa na watu ishirini na sita wenye daraja. Mimi na Gaudensia tuliwachunguza wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa siku mbili. Tulivua nguo, tukageuza, tukabonyeza, tukanusa. Gaudensia alisema kwamba vyuo vimetufundisha kutumia kila kitu isipokuwa pua.

Tisa walikuwa wagonjwa. Mwalimu mstaafu mmoja alikuwa na mkojo mzito kama uji wa ulezi, na mpira wake wa kutolea mkojo ulikuwa umeota utando mweupe unaoteleza kama kamasi. Alikuwa ameufunika mfuko kwa soksi kwa sababu ya aibu. Mwanamke aliyetembea kwa mwendo mzuri kuliko wote alikuwa na malengelenge yaliyopasuka kwenye visigino vyote viwili, na soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Tulipoivua, ngozi ilitoka nayo. Aliomba radhi kwa kutuchafua. Kila mmoja alisema alishaeleza, na walieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kwa binti wa asubuhi.

Wa mwisho alikuwa Erasto Chaula. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa minara ya umeme wa upepo aliyeanguka kazini. Kila siku alizunguka uzio wa kituo mara sita, na wagonjwa wapya walitolewa nje kumtazama ili wapate moyo. Nilipomvua kiatu cha kulia, unyayo uligeukia nje, kama mguu wa mwanasesere. Niliuzungusha taratibu. Ndani yake kulisikika sauti ya kokoto zikisagana. Kifundo kilikuwa kimevunjika, na kwa ukubwa wa uvimbe nilikadiria siku kumi. Alikuwa ametembea juu ya mfupa uliovunjika siku kumi, mizunguko sita kila siku. Mahali fulani ncha ya mfupa ilikuwa imetoboa ngozi kwa ndani ya kiatu, na damu ilikuwa imekauka ikawa ganda la kahawia kwenye soksi.

Kumbukumbu zake zilisema: poa, poa, poa.

Erasto alitazama mguu wake bila kushtuka. Aliniuliza utapona baada ya muda gani, na kama anaweza kutembea akiwa na plasta. Nikamwambia kwamba kwanza nahitaji kuzungumza na mkurugenzi. Akanishika mkono wa koti.

"Dada Auleria, zungumza naye kuhusu mguu," alisema. "Kuhusu daraja, usizungumze."

Alikuwa ameelewa mapema kuliko mimi.

4

Daktari Mhagama alisikiliza bila kunikatiza. Ofisi yake ilinukia dawa ya kunawia mikono, ile yenye harufu ya machungwa, na alijipaka mara mbili nikiwa naeleza. Kisha alisema mambo matatu. Wale tisa watibiwe leo, wapewe kila kitu. Swali libadilishwe leo pia, na sikio lisifungwe tena baada ya neno moja. Na kumbukumbu za zamani ziachwe kama zilivyo, kwa sababu siku ya Jumanne Tume inaamua kama daraja lienee katika hospitali kumi na moja, na watu mia nne wako vitandani wakisubiri.

Nilimwambia kwamba kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wote wa usalama ambao Tume inao. Ni maelfu ya maamkizi. Hazina habari yoyote ndani yake.

"Unataka niwaambie nini?" aliuliza. "Kwamba wagonjwa wetu wana adabu kupita kiasi?"

Aliendelea kwa upole, na upole wake ulinichukiza zaidi kuliko kama angefoka. Alinikumbusha kanuni. Kifaa ambacho kumbukumbu zake za usalama zimebatilika kinapaswa kuzimwa kwa kila aliyenacho ndani ya siku mbili, mpaka kipimwe upya. Kupima upya huchukua mwaka kwa uchache. Daraja likilala wiki sita, kovu huota juu ya utepe, na halitaamka tena. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo mara tatu nikitafuta mwanya, na sikuupata.

"Ukiiandikia Tume barua kuhusu hili," alisema, "unawavunja migongo mara ya pili. Safari hii kwa mkono wako."

Kulikuwa na vituo vingine vitatu, vyenye watu mia moja na kumi na wawili wenye daraja na swali lilelile. Nilimuuliza atawaambia nini. Alisema atawapigia simu kuwashauri wabadilishe swali. Hakutaka kuweka lolote kwenye maandishi. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega, na harufu ya machungwa ikabaki kwenye koti langu.

Nilimpigia simu Tulizo Mbilinyi, niliyesoma naye, ambaye sasa ni mtaalamu wa mazoezi katika kituo kimojawapo kati ya hivyo vitatu. Nilimwomba awavue wagonjwa wake soksi. Alicheka, akasema kwao wote ni wazima, ubao wake wa kumbukumbu wote ni alama za kijani. Nikamweleza. Kisha alisema kwamba mwezi uliopita walimpoteza dereva mmoja mstaafu, homa ya ghafla, alikufa mchana huohuo. Walidhani ni malaria. Nilimsikia akibonyeza kompyuta yake.

"Asubuhi ya kufa alisema salama," aliniambia. Baada ya hapo alikata simu.

5

Niliamua kwamba nitawaambia wagonjwa wetu kwanza. Nilijiambia kwamba ni haki yao, na ilikuwa haki yao. Lakini pia nilitaka mtu aniambie cha kufanya.

Niliwakusanya wote ishirini na sita katika ukumbi wa mazoezi. Niliwaeleza kosa, na nikawaambia limefanywa na nani. Nikawaeleza barua ninayotaka kuiandikia Tume, na kanuni, na wiki sita, na kovu. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu mstaafu aliuliza kama ilikuwa lazima sikio lifungwe. Nikasema haikuwa lazima, ilikuwa kuokoa betri. Alitikisa kichwa polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyemtegemea.

Erasto alikuwa amesimama, mguu ukiwa ndani ya plasta. Nilimsihi akae. Hakukaa.

"Huu mguu ni wangu," alisema. "Kama ni kuoza, acha uoze ukitembea. Nilikaa miaka miwili nikitazama dari. Wewe ulikuwa unakuja kunikunja magoti saa tatu na kuondoka saa tatu na nusu. Baada ya hapo nilikuwa na dari. Sasa unataka kunirudisha kwenye dari kwa ajili ya barua."

Nilimwambia kwamba kuna dereva mstaafu amekufa. Alijibu kwamba watu hufa, na kwamba yule dereva alikufa akiwa ametembea mpaka chooni mwenyewe. Baadhi ya wenzake waliitikia. Mmoja alisema sote tubadilishe swali tu, tuendelee, watajichunguza wao wenyewe kwa vioo kila asubuhi. Nilitamani sana kukubali. Nilifikiria wale mia moja na kumi na wawili, ambao hawakuwamo ukumbini kupiga kura, na mia nne watakaofuata, ambao wangepewa kifaa kilichothibitishwa kwa maamkizi. Wangekiamini kwa sababu sisi tulisema ni salama.

Mama Wende alikuwa ameletwa kwa kitanda, bado kifudifudi, na dawa ikishuka kwenye mshipa. Nilichuchumaa nimsikie. Nilimuuliza yeye angefanya nini.

"Usiniulize mimi," alisema. "Ukiniuliza nitakwambia usizime. Nimeuza nyanya kwa kukaa chini, nimeuza kwa kusimama, najua tofauti." Alinigeuzia uso. "Lakini nilidhani kuna mtu ananisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma. Kidonda sikihisi."

Barua niliiandika mchana huo, ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza swali, orodha ya maneno kumi na manne, na jinsi sikio linavyofunga. Niliambatanisha picha za vidonda tisa, na sikuzipunguza ukali. Niliandika kwamba swali nililitunga mimi na sauti ni yangu. Niliituma kwa Tume, kwa vituo vyote vitatu, na kwa Daktari Mhagama. Kisha nikaenda ofisini kwangu, nikateremsha cheti, nikakitupa kwenye pipa la taka zenye maambukizi pamoja na shashi za Mama Wende. Haikunipunguzia chochote.

6

Amri ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Madaraja yote yazimwe kufikia Jumatano. Daktari Mhagama hakunisemesha. Alipitisha neno kupitia kwa Gaudensia kwamba, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye nitakayezima. Gaudensia alinipa ujumbe huo bila kunitazama, kisha akasema kwamba atakuja nami, maana kuna watu watahitaji kushikwa.

Kuzima daraja ni kazi ya sekunde kumi. Unaweka sahani ya sumaku juu ya betri iliyo chini ya mfupa wa bega, unahesabu, taa inakuwa nyekundu, kisha hakuna taa. Wengi walichagua kuzimiwa wakiwa wamelala. Mwanamke wa malengelenge alifumba macho. Mwalimu mstaafu alinishukuru. Mama Wende aliniambia nifanye haraka kwa sababu anataka kunywa chai. Taa ilipozimika, miguu yake ililegea kidogo chini ya shuka. Saa moja baadaye king'ora cha mwili wake kiliamka kwa mara ya kwanza baada ya karibu miezi mitatu. Uso ulilowa, kichwa kikamgonga, shinikizo likapanda kupita kiasi. Tulikuwa tayari. Gaudensia aliinua kichwa cha kitanda, mimi nikatoa dawa, na katika kukagua tukapata mpira wa mkojo umejikunja. Tukaunyoosha. Shinikizo likashuka. Mwili wake ulikuwa umesema, na tulikuwa karibu.

Erasto alikataa kulala na alikataa kukaa. Alisimama kando ya dirisha la chumba chake, plasta kwenye mguu wa kulia, mkono mmoja kwenye kizingiti. Gaudensia alimsogelea ili amshike. Alimwambia atoke. Alisema anataka mtu mmoja tu, yuleyule aliyeandika barua.

Nilimwambia kwamba ni mzito kwangu. Alisema anajua.

Niliweka sahani begani mwake. Tulikuwa tumekaribiana kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, na nilinusa jasho lake, na dawa ya plasta, na chini ya hayo yote damu ya zamani iliyobaki ndani ya kiatu chake cha kulia, kilichowekwa chini ya dirisha. Nilihesabu kwa sauti. Alinitazama usoni muda wote. Niliutambua mtazamo huo. Ni vile tulivyokitazama kidonda cha Mama Wende, mimi na Gaudensia, wakati kifuniko kinanyanyuka.

Kwenye kumi magoti yake yalifunguka yote mawili kwa pamoja. Uzito wake wote ulinijia. Nilimdaka chini ya kwapa, nikarudi nyuma hatua mbili, mgongo wangu ukagonga ukuta, na hatukuanguka. Alikuwa mzito kama gunia lililoloa. Mikono yake ilining'inia mabegani mwangu, yenye nguvu, na angeweza kunishika, lakini hakunishika. Nilimburuta mpaka kwenye kiti mwendo nikamshusha. Nilipanga miguu yake kwenye sehemu ya kukanyagia, wa kushoto kwanza, kisha wa plasta. Nilikuwa nahema. Yeye alikuwa ametulia.

"Sasa toka," alisema.

Niliinuka. Ndipo nilipoona kwamba katika kumshusha nilikuwa nimekunja shuka la kiti. Mkunjo ulikuwa mnene kama kidole, na ulipita moja kwa moja chini ya mfupa wake wa kukalia. Yeye asingeweza kuuhisi. Mpaka jioni ngozi ingekuwa nyekundu, na kesho kutwa ingekuwa na rangi ya ini.

Nilimwambia nahitaji kumwinua tena kidogo.

"Usiniguse," alisema.

Nilipiga magoti mbele yake, nikapitisha mikono chini ya mapaja yake, nikamgusa. Alitema mate. Yalinipata shavuni, ya moto, yakaanza kuteremka kuelekea mdomoni, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Niliendelea kuvuta shuka mpaka likawa sawa.